Miguu ya Rashasha

Watu wakitazama bunduki ya rashasha, macho huenda kwenye mtutu na mkanda wa risasi. Mimi huanza na miguu. Fundi anayeunda miguu mitatu ya kuikalishia rashasha hupewa kazi mbili zinazogombana: chombo chake kitulie chini ya bunduki inayorusha mamia ya risasi kwa dakika, na chombo hicho hicho kibebeke na mtu anayekimbia. Utulivu unataka uzito, mbio zinaukataa.

Zamani uzito ndio ulioshinda. Maxim ya Warusi ya mwaka 1910 ilikalia kigari cha Sokolov, ambacho pamoja na ngao yake kilizidi kilo 40. Vickers ya Waingereza ilikalia miguu ya kilo 22 hivi. Katika vita vya 1914 hadi 1918 bunduki za rashasha zilipita pia katika nyika za Afrika Mashariki, ambako farasi na nyumbu walikufa kwa mbung'o, na mizigo ya majeshi ikaenda kwa mabega na vichwa vya wapagazi. Kila kilo ambayo fundi wa Ulaya alishindwa kuipunguza iliishia shingoni mwa mtu.

Wamarekani nao walianza na mzigo: miguu ya M1917A1 ilikuwa na kilo 24. Kisha ikaja M2, iliyoibeba Browning M1919A4 katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kilo 6 na ushei tu. Hii inastahili kutazamwa kwa karibu. Mguu mmoja mfupi uko mbele, miwili mirefu iko nyuma, kwa kuwa bunduki hupiga teke kurudi nyuma na huko ndiko inakohitaji kuegemea. Kati ya miguu ya nyuma umelazwa upau wa chuma uliochongwa alama za vipimo. Upau huo huishika miguu isitanuke, na wakati huo huo ndiyo rula ya kulengea. Fundi aliyeona kwamba chuma kimoja kinaweza kufanya kazi zote mbili alikuwa na jicho kali kweli kweli.

Juu ya upau hufungwa kifaa cha kuelekezea mtutu, chenye magurudumu mawili madogo ya mkono: moja la kupandisha na kushusha, jingine la kugeuza kushoto na kulia. Ukilizungusha hulia ka, ka, ka. Kila mlio ni mili moja. Duara zima lina mili 6,400, na kwa umbali wa mita 1,000 mili moja ni karibu mita moja. Basi mchana mpigaji huilenga njia panda au daraja, akasoma namba, akaziandika kwenye kadi yake. Usiku, giza totoro, huzirudia namba zile zile, akihesabu milio chini ya vidole. Wenzake wanaweza kuwa wanapita kando ya mstari huo wa risasi, na uhai wao unategemea meno madogo ya chuma yaliyokatwa sawasawa kiwandani.

Wajerumani waliusukuma ufundi huu mbali sana. Lafette, yaani miguu ya rashasha yao ya MG 34, ina susu yenye springi za kumeza teke la bunduki, na mtambo unaotumia teke hilo hilo kuupandisha na kuushusha mtutu wenyewe, risasi zitapakae kwa urefu wa uwanja. Kinachonigusa zaidi ni kitu kidogo: miguu hiyo ina vibandiko laini vya kulalia mgongo wa mbebaji. Mbunifu alimkumbuka mtu. Hata hivyo alimwachia kilo 20 hivi.

Wepesi nao una gharama yake. Miguu myepesi huruka bunduki inapolia, ndiyo maana askari huipangia mifuko ya mchanga juu yake. Sioni hilo kuwa kasoro. Uzito unaookotwa pale pale kwenye uwanja ni bora kuliko uzito unaobebwa njia nzima.

Siku hizi Wamarekani wana M192 ya kilo 5 hivi, na kwa Browning kubwa wana M205 ya kilo 15 badala ya M3 ya kilo 20. Ni kazi nzuri. Lakini heshima ya kwanza naipeleka kwa Stepanov wa Urusi. Miguu ya rashasha ya PK iliyomtangulia, ya Samozhenkov, ilikuwa na kilo 7.7. Ya kwake, iliyokuja na PKM mwaka 1969, ina kilo 4.5, inaweza kuinua bunduki kulenga angani, na ina mahali pa kupachika boksi la risasi ili bunduki ihamishwe ikiwa tayari imejazwa. PKM na miguu hiyo, bila risasi, ni kilo 12 tu. Maxim na kigari chake ilikuwa zaidi ya 60.