Kuutambua Wino wa Fedha Ulio Bora

Ukichagua wino wa fedha wa kuchapia saketi za umeme, mng'ao wa chupani haukuambii kitu. Anza na tone moja: lichanganye na kiyeyusho kingi cha wino huohuo, kisha litazame mbele ya mwanga. Ikitokea rangi ya manjano safi, chembe za fedha ni ndogo na zimetengana. Ikiwa ya kijivu, zimekwisha kushikamana. Chembe zinapaswa kuwa ndogo mara 100 au zaidi kuliko tundu la kichwa cha printa. Kwa tundu la maikromita 30, bonge lolote linalozidi nanomita 300 ni hatari.

Mnato upimwe pia. Vichwa vingi vya printa vinataka takriban milipaskali-sekunde 10, ilhali maji ni kama 1 tu. Wino mwepesi mno hutoa matone yanayofuatwa na vitone vidogo, na kingo za mstari huchafuka.

Lakini kipimo kikubwa, kwa maoni yangu, ni ganda. Kila chembe huvikwa utando wa kemikali, mara nyingi polima iitwayo PVP, ili isigandamane na mwenzake. Utando huohuo hauruhusu umeme kupita. Hapo ndipo ufundi ulipo: ganda liwe imara miezi yote ya chupani, kisha likubali kuondoka wino ukiokwa. Fedha ya kawaida huyeyuka kwa nyuzi 961 za Selsiasi, ila chembe hizi huungana hata chini ya 200. Anayekuuzia wino muulize unaokwa kwa nyuzi ngapi, kwa muda gani. Wino unaodai 250 haufai kwa plastiki ya PET, hata ukipitisha umeme vizuri kiasi gani. Plastiki itajikunja kabla ganda halijaondoka.

Ukishaoka, pima ukinzani. Fedha tupu ina takriban maikro-om-sentimita 1.6, wino uliookwa kwa nyuzi 150 ukifika mara tatu hadi tano ya hapo, ni wa kusifiwa. Kisha utazame mstari kwa hadubini. Kingo zikiwa nene na katikati kwembamba, kama doa la kahawa lililokauka, mchanganyiko wa viyeyusho haukupangwa vizuri.



Mwisho, ili kujua kama wino umeshika vizuri, bandika utepe wa gundi juu ya mstari, uubandue kwa nguvu, upime ukinzani tena.