Zimwi na Karani: Maoni juu ya Filamu ya Trolljegeren
Katika Trolljegeren (2010), André Øvredal wa Norwe hakuyabadili sana mazimwi ya ngano zilizokusanywa na Asbjørnsen na Moe katika karne ya 19. Yangali makubwa, mazito wa akili, na jua huyageuza mawe. (Nasema "zimwi" kwa kukosa neno, zimwi letu hujigeuza kijana mzuri, hili la filamu halijui hila hiyo.) Kilichobadilika ni serikali inayoyaficha. Nyaya za umeme ndizo ua wa kuyazuia. Naye Hans, mwindaji wa siri, kila akiua hujaza fomu, akilalamika kwamba hapati posho ya usiku. Kicheko chatoka hapo, na hofu pia: asimuliapo jinsi alivyowahi kuyaua hata machanga, twamwona mtumishi aliyechoshwa na utiifu wake mwenyewe.

Dosari ipo. Mazimwi hunusa damu ya Mkristo. Mpiga picha Mkristo anapouawa, Mwislamu hushika nafasi yake. Hans aulizwa itakuwaje, hajui. Swali zito kuliko yote filamuni, nalo mtunzi amelifanyia mzaha, akalipita.