Waliotunza Daftari la Mafumbo

Miaka ya 1930, katika mkahawa mmoja wa Lwów, wakati huo Poland, wanahisabati walitegeana mafumbo kwa saa nyingi, wakiandika kwa penseli juu ya meza za marumaru. Meza zikifutwa, hesabu nazo zikapotea. Mwaka 1935 likanunuliwa daftari nene la kuandikia mafumbo, likaachwa mikononi mwa wahudumu. Hao, kati ya kahawa na vikombe vichafu, walilitoa lilipoitishwa, wakalirudisha mahali pake salama. Zawadi za majibu ziliandikwa humo humo: kahawa, bia, hata bata bukini aliye hai! Huyo bata alitolewa 1972, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vimekwisha zamani. Waliotega na waliotegua wanatajwa vitabuni. Wabeba sinia hawatajwi kwa majina, wala sidhani kuna aliyewaongezea hata bakshishi.