Washairi wa Baada ya Kazi
Kundi la washairi wa Kiyahudi lililojulikana kama Di Yunge, mjini New York, linastahili heshima. Wahamiaji hawa kutoka Ulaya Mashariki walishona viatu, wakapaka nyumba rangi na kubandika karatasi za ukutani. Baada ya kazi walikutana mikahawani, wakasomeana mashairi ya lugha yao, Kiyidi, na kukosoana. Mwaka 1907 walianzisha jarida lao, Yugend. Wapo watakaosema waliandikiana wenyewe kwa wenyewe, wakaacha ushairi wa kuwahamasisha wafanyakazi. Lakini wao ndio waliokuwa wafanyakazi, na shairi huiva kwa msikilizaji makini kabla halijafika kwa umma. Baadaye, Wanazi walipoua mamilioni ya wasemaji wa Kiyidi huko Ulaya, ushairi wa lugha hiyo ulikuwa umekwishavuka bahari pamoja nao. Anayeusoma leo ana deni kwao.