Kutua Ndiyo Kazi

Anayetaka kujifunza kuruka na viatu vya magurudumu mjini Juba, chombo chake cha kwanza ni ufagio. Lami ipo, lakini mitaa ya pembeni ni ya murram, na mvua moja tu inatosha kuisukuma changarawe hadi barabara kuu. Kokoto la ukubwa wa punje ya mahindi likiingia chini ya gurudumu la mbele, gurudumu hukwama, kiatu husimama, mwenye kiatu huendelea na safari. Kwa hiyo inambidi afagie kipande chake, akipapase kwa kiganja, ndipo akae chini afunge kamba.

Watazamaji hupenda ile nukta ya hewani. Mimi macho yangu huwa miguuni, wakati wa kurudi chini. Anayejua hashuki na miguu sambamba. Mmoja hutangulia kidogo, karibu nusu kiatu, kwa sababu magurudumu manne yaliyopangwa mstari mmoja yako tayari kukimbia mbele au nyuma wakati wowote; miguu ikiwa pamoja, mwili ukiegemea kidogo tu, mtu anakula lami kwa pua au kwa kisogo. Hata sauti inasema. Anayetua vizuri husikika “ta-ta”, kisha mvumo wa magurudumu unaendelea. Anayetua vibaya ni “paa!” moja: magoti yalikuwa yamenyooka, na kishindo chote kimepanda hadi uti wa mgongo.

Baada ya hapo huja kugeuka nusu duara hewani. Mwanafunzi hutupa miguu akitarajia mwili ufuate, naye hutua upande. Mzunguko huanzia kichwani kabla viatu havijaacha ardhi: macho, mabega, kiuno, miguu mwisho kabisa. Na akishageuka atatua akienda kinyumenyume, kwa hiyo ni lazima awe ameshajua kurudi nyuma kwa uhakika. Hayo ni mazoezi ya muda mrefu, ya kuchosha, na hakuna anayetoa simu kuyarekodi.

Pale Forodhani, Zanzibar, vijana wa makachu hujirusha baharini kwa mapindu ya kila namna, na sitaki kuwapunguzia sifa. Ila wao wakikosea hupokewa na maji. Mwenye magurudumu, pindu lake la kwanza hulifanyia kwenye trampolini au shimo lililojazwa sponji, na asipopata hivyo, kwenye mchanga. Kisha anahitaji rampu.

Ukiitafuta rampu hiyo toka Juba, barabara ya Nimule, kilomita 192 za lami zilizokamilika mwaka 2012, inakufikisha mpakani, na mbele yake ni Kampala. Huko Kitintale, Jackson Mubiru na wenzake walijijengea uwanja wa saruji mwaka 2006. Waliujenga kwa ajili ya ubao wa magurudumu, lakini mkunjo wa rampu ya saruji haubagui. Wengi hudhani kazi ya mkunjo ule ni kurusha tu. Kwangu mimi, kupokea ndiko kukubwa zaidi: ukianguka kutoka juu kwenye sakafu tambarare, vifundo vya miguu hubeba uzito wote kwa mpigo, ukitua kwenye mteremko mkali, anguko lilelile linageuka mwendo.

Kwa viatu vya magurudumu, Fabiola da Silva wa Brazili, mwaka 2005, alikuwa mwanamke wa kwanza kupiga mapindu mawili mfululizo ya kinyume kwenye rampu ya wima na kutua. Akijikunja, mzunguko huongezeka kasi, akijinyoosha, hupungua. Kujikunja kila mtu atakuonyesha. Kujua ni saa ngapi ujinyooshe, ukiwa kichwa chini na unautafuta mteremko kwa macho kabla miguu haijaufikia, hilo halielezeki. Linaingia mwilini kwa kurudiarudia.

Na kuanguka nako kuna mafunzo yake. Hairuhusiwi kunyoosha mkono nyuma, maana hapo ndipo kifundo cha mkono huvunjika. Unakunja magoti, unatua kwenye vikinga vya magoti, unateleza hadi usimame. Ukimkuta kijana anajitupa magotini makusudi asubuhi nzima, hajashindwa kuruka. Yuko somo la kwanza, na mkanda wa kikinga cha goti lake la kulia umeshaanza kukatika.