Hizi PDF za "andika upate dola": zinajua nini, zinanyamazia nini

Wenzangu wahitimu, na nyie badogo wenye mungali mu oditwari, mwezi huu peke yake nimetumiwa PDF tatu zenye kusema kitu kimoja: namna ya kuandika ku intaneti na kuongeza mapato. Mbili ni za Kifaransa. Ya tatu ilikuwa ya Kiingereza, wakaipitisha mu mashine ya kutafsiri, na inaonekana tangu sentensi ya kwanza. Nimezisoma zote mpaka mwisho. Mimi nafanya hii kazi tangu 2021, na wengi wenu munaniuliza kama inafaa kulipa dola 5 ao 10 juu ya kuzipata. Basi tuzihukumu kama vile tulifundishwa kuhukumu kitabu.

Nianze na haki yao. Zote tatu zinasema usiuze kwa neno, uuze kwa kazi nzima, na hapo ziko sawa kabisa. Mtu akikulipa kwa neno, anakulipa ili urefushe. Siku unajifunza kukata maneno ya bure, njo siku mshahara wako unapungua. Nimekwisha kuandika karatasi ya maneno 300 juu ya ushirika wa kahawa, ikanila siku nne: siku tatu za kusoma na kuuliza watu, siku moja ya kuandika. Kwa senti 1 kwa neno ingekuwa dola 3. Nililipwa kwa kazi, na mteja hakuhesabu neno hata moja. Kwa hiyo ule ukurasa muuchukue, ni mali.

Shida inaanza pale zinasema "pandisha bei yako, wateja wazuri watakuja." Watatoka wapi? Tufanye hesabu yenye PDF hazifanyi. Ku Upwork, ili uandikie mteja barua ya kuomba kazi, unalipa kwa vitu vinaitwa Connects, kimoja ni senti 15 za dola. Tuseme tangazo linaomba Connects 10: barua moja ni dola 1.50. Ukituma barua 8 na moja tu ikajibiwa, umekwisha kutoa dola 12. Kazi yenyewe ni makala ya maneno 1000 kwa senti 1, yaani dola 10. Tuseme wenye jukwaa wakate asilimia 10, unabaki na 9. Umefanya kazi, mteja amefurahi, amekuwekea nyota tano, na uko chini ya dola 3 hata kabla ya kuhesabu mega na umeme. Ku Fiverr barua hazilipishwi, lakini kule wanakata asilimia 20. Hakuna PDF hata moja kati ya zile tatu yenye imeweka hii hesabu, na haihitaji zaidi ya kalkuleta ya simu.

Sisemi kama haiwezekani. Nasema kama bei kwa neno haiko ndiyo namba ya kuangalia. Namba ya kuangalia ni saa zenye hazilipwi: kutafuta, kuandika barua, kungojea, kurekebisha mara ya nne juu mteja amebadilisha mawazo. Mteja mmoja mwenye anarudi kila mwezi anakuondolea karibu zote. Wale wenye ninawajua wanaishi kwa kazi hii hapa kwetu wako na wateja wawili ao watatu wa kudumu, na wengi wao waliletwa na mtu mwenye alisoma kazi yao ya mbele.

Halafu kuna ulimwengu wenye mwandishi wa PDF anaishi ndani. Ule mutu ana benki, ana karta, ana umeme usiku na mchana. Anaandika "unganisha akaunti yako" kama vile sisi tunasema "funga mlango". Goma benki zilifunga milango mwezi wa kwanza 2025, Bukavu mwezi uliofuata. Pesa yako iko ku intaneti, unaiona, lakini ili igeuke noti mkononi lazima ipitie kwa rafiki mwenye akaunti inje, kisha ku simu, kisha kwa wakala wa mobile money, na kila mmoja anakata chake. Kitabu chenye kinajiita cha mapato na hakina ukurasa juu ya njia ya pesa, hakikuandikwa kwa ajili ya mtu wa hapa. Kilipita tu hapa.

Zinanyamazia historia pia. Shauri la "andika haraka, andika mingi" lina asili yake. Kule Marekani, kampuni ya Demand Media iliundwa mu 2006, ikachukua eHow, ikawa inalipa waandishi karibu dola 15 kwa makala, maelfu na maelfu ya makala: namna ya kufunga tai, namna ya kusafisha karpeti. Kilichowalipa haikuwa msomaji, ilikuwa nafasi ya juu katika Google. Mwezi wa pili 2011 Google ilibadilisha hesabu yake ili kushusha kurasa za namna ile, na ule mtambo ukaanza kubomoka. Wenye walikuwa wamejifunza tu kuandika haraka wakabaki bila soko. Tarehe 30/11/2022 ChatGPT ikatoka, na haraka ikawa kitu cha bure kabisa. Watafiti watatu, Xiang Hui, Oren Reshef na Luofeng Zhou, walipima waandishi wa Upwork baada ya hapo: kazi zilishuka karibu asilimia 2, mapato asilimia 5 hivi, na wenye sifa kubwa hawakuokoka kwa sababu ya sifa yao. Unaweza kusema asilimia 5 ni kidogo. Ilikuwa miezi ya kwanza tu. Na PDF moja, yenye imeandikwa mwaka jana, bado inafundisha makala tano kwa siku!

Lakini kosa lenye linanikasirisha zaidi ni la uandishi wenyewe. Kurasa 40, 52 na 61, nimezihesabu. Ndani ya hizo zote hakuna hata fungu moja lenye linaonyeshwa baya, kisha linatengenezwa mbele ya macho yako. Hakuna sentensi inayokatwa. Hakuna mfano wa swali zuri la kumuuliza mteja kabla ya kuanza. Unaweza kuwazia kitabu cha kushona chenye hakina sindano? Zimejaa "amini", "thubutu", "jiweke katika kundi la washindi", na ushuhuda wa watu wenye hawana jina wala mji. Lugha ya mahubiri, na sadaka iko ukurasa wa mwisho: ile kozi kubwa ya dola 49. Hapo njo unaelewa mwandishi anaishi kwa nini. Haishi kwa kuandika, anaishi kwa kuuzia wenye wanataka kuandika.

Mbili kati yake zinagusa, kwa maneno ya chini-chini, "kazi za kitaaluma". Tuite kitu kwa jina lake: ni kuandikia mwanafunzi wa Ulaya ao Marekani kazi yake, yeye aweke jina lake na apate diplome. Kenya hii imekuwa soko kubwa la vijana wenye walisoma, na filamu The Shadow Scholars ya 2024, pamoja na profesa Patricia Kingori wa Oxford, imelionyesha waziwazi. Sitawahukumu wenye wana njaa. Hapa kwetu pia kila mmoja anajua mtu mwenye alinunua TFC. Ila angalieni biashara yenyewe: unauza kitu kimoja chenye huwezi kukionyesha kwa mteja wa pili. Miaka mitano ya kazi, na hauna ukurasa hata mmoja wenye jina lako. Kama swali ni kuongeza mapato, basi hata kwa hesabu tupu ile njia inakufungia.

Na sasa kile chenye hakipo kabisa mu PDF: lugha zetu. Wanatuambia "chagua fani", mfano wao ni afya ya mbwa ao sarafu za kidijitali. Wakati wa Ebola ya 2018 mpaka 2020, Nord-Kivu na Ituri, mabango ya Kifaransa na ya Kiswahili sanifu yalipita juu ya vichwa vya watu wengi, na shirika la Translators without Borders lilifanya utafiti mu Nord-Kivu juu ya shida hiyohiyo. Mtu mwenye anaweza kuchukua ripoti ya kurasa 80 ya Kifaransa na kuitoa mu Kiswahili chenye mama wa Kirotshe anakisikia, ao kusikiliza saa moja ya mahojiano ya Kinande ao ya Mashi na kuyaandika vizuri kwa Kifaransa, huyo hashindani na dunia nzima. Anashindana na watu wachache, na mashine bado inajikwaa pale. Kazi hizi zinalipwa kwa saa ao kwa dakika ya sauti, zinatoka kwa mashirika, watafiti, redio, mara nyingi kwa barua-pepe ya mtu anayejua mtu. Hazipitii barua 8 za Connects.

Kama ungali unataka kusoma moja, soma ile ya kurasa 52, sura ya bei tu, na uombe rafiki akutumie, usilipe. Zile dola 5 zinunue mega. Chukua ripoti moja ya wazi, itafsiri kurasa tatu, weka jina lako juu, halafu nitumie. Nitazisoma na kalamu nyekundu.