Mswada wa Haraka

Riwaya aliyoanza kuiandika Ngũgĩ wa Thiong'o siyo iliyotangulia kuchapishwa. Weep Not, Child ilitoka mwaka 1964, na The River Between, ambayo wasomaji wa Kiswahili waliipata kwa jina la Njia Panda, ikafuata mwaka 1965. Lakini hiyo iliyofuata ndiyo iliyoandikwa mwanzo. Mwaka 1961, Ngũgĩ akiwa bado mwanafunzi wa Makerere, East African Literature Bureau iliendesha shindano la riwaya. Akaandika kwa kukimbizana na tarehe ya mwisho, na mswada ule akauita The Black Messiah.

Tangu alipofariki Mei 2025 nimekuwa nikilitafakari jambo hili. Wapo wasemao haraka haraka haina baraka, na wapo wanaowajibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Katika uandishi methali zote mbili husemwa kwa ujasiri mkubwa, aghalabu na watu wasioandika. Mimi naona swali lenyewe ni jingine: mwandishi anapobanwa na muda, mkono wake hushika nini? Mwenye haraka hushika kilicho karibu.

Tuchukue Njia Panda. Kilichokuwa karibu na kijana aliyesomeshwa katika shule za wamisionari ni Biblia, nayo imejaa humo: mwokozi aliyetabiriwa, wafuasi wanaomshangilia, kisha umati uleule unaomgeuka. Waiyaki amevishwa vazi hilo mapema mno, na hata baada ya mswada kufanyiwa kazi upya, na jina lake kubadilishwa, vazi halikumvuka. Vilima viwili, Kameno na Makuyu, vinatazamana kwa usawa kama mizani, na Mto Honia katikati. Ni ramani nzuri ya kumwezesha mtu kumaliza kitabu kwa wakati, ila wahusika wengine wanabaki wamesimama pale ramani ilipowaweka. Nyambura ni mmoja wao. Anapendwa kuliko anavyojulikana.

Lakini yupo Muthoni. Binti wa mhubiri, anayetaka kubaki Mkristo na wakati huohuo atahiriwe kama wenzake, na anayekufa kwa ajili hiyo. Huyu hakutoka kwenye ramani. Ugomvi wa kanisa na tohara ulizigawa nyumba za Wagikuyu tangu mwaka 1929, na Ngũgĩ alizaliwa na kukulia katika nchi iliyokuwa bado na jeraha hilo. Kurasa za Muthoni ni chache, nazo, nionavyo mimi, ndizo zinazokibeba kitabu. Dostoevsky naye, mwaka 1866, alipokuwa akikabwa na mkataba wa mchapishaji, alimsomea karani riwaya nzima ya mcheza kamari kwa siku 26. Aliweza kwa sababu kamari aliijua. Ilikuwa imemla fedha zake mwenyewe.

Nayasema haya kwa sababu ya kaunta buku nne zilizo mezani kwangu. Hapa Uchindile, kati ya mashamba ya misonobari na mikaratusi, yupo mwalimu kijana aliyesikia habari za shindano la riwaya zikiwa zimebaki wiki tano. Akaandika usiku, baada ya kusahihisha madaftari ya watoto. Akaniletea rasimu niisome, nami nimeisoma mara mbili.

Kaunta buku ya kwanza inachosha. Aliianza bado anajiona ana muda, na kilichokuwa karibu naye wakati huo ni vitabu vya shule: jua linachomoza kwa madaha, ndege wanamsifu Muumba, na shujaa anahutubia hata anapoomba maji ya kunywa. Katikati ya kaunta buku ya pili muda ukaanza kumkaba, na madaha yakakoma. Ghafla tunamsikia mama mmoja akibishana na msimamizi juu ya ujira wa kupalilia miche. Tunaliona behewa la daraja la tatu likisubiri stesheni saa nane za usiku, watu wamejifunika blanketi, na mtu akiuza chai huku akimlaani mkwewe. Kiswahili kimekuwa cha hapa, kifupi, kina ukali wa baridi ya Juni. Sura ya sita sijaona mfano wake katika riwaya zetu nyingi zilizokwisha kuchapishwa na kujaladiwa vizuri.

Kwa upande mwingine, bibi aliyezikwa katika sura ya tisa anachota maji katika sura ya kumi na nne, na mwisho wote ni mbio tupu. Hayo hayanisumbui sana. Bibi anaweza kurudishwa kaburini kwa jioni moja.

Kinachonisumbua ni kwamba bahasha ilikwisha kwenda na treni, na mwamuzi ataanza kusoma mwanzoni, kama inavyompasa. Huenda asifike kwa muuza chai. Na kijana mwenyewe, nilipomwuliza anaona fahari na sehemu gani, alinionyesha ukurasa wa kwanza, lile jua. Nimemwambia asiiguse sura ya sita, ila kaunta buku ya kwanza aiandike upya yote, majibu ya shindano yawe yametoka au la. Amechukua kalamu, lakini hajakubali bado.